Watu waliobadili mkondo wa vita vya utumwa nchini Marekani

USIKU wa Mei 23, 1861, watumwa watatu walipiga makasia wakavuka maji ya Hampton Roads katika jimbo la Virginia, wakaenda kuomba hifadhi katika ngome ya Monroe, iliyokuwa mikononi mwa wanajeshi wa serikali ya Marekani.

Watatu hao, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walikuwa wamepelekwa na bwana wao kujenga boma la mizinga la jeshi la waasi wa Kusini. Walipopata fununu kwamba wangehamishwa mbali na jamaa zao, waliona heri kutoroka.

Kesho yake, afisa wa jeshi la Kusini alifika chini ya bendera nyeupe kudai warudishwe. Sheria iliyopitishwa mnamo 1850 iliamuru mtumwa mtoro akamatwe na kurejeshwa kwa bwana wake, hata akiwa amekimbilia jimbo lisilo na utumwa.

Hata hivyo, kamanda wa ngome hiyo, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa wakili kabla ya kuvaa magwanda ya kijeshi. Alijibu kwamba Virginia ilikuwa imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, na kwa hivyo haingeweza kudai kulindwa na sheria za nchi iliyoikana. Aidha, ikiwa waasi waliwahesabu watu hao kuwa mali na kuwatumia vitani, basi yeye alikuwa na haki ya kuwazuilia kama mali ya adui iliyotekwa.

Habari hizo zilienea kama moto nyikani. Katika muda wa miezi michache, mamia ya watumwa, wake kwa waume na watoto, walikuwa wamekimbilia ngome hiyo.

Hivyo ndivyo vita ambavyo viongozi wa Kaskazini walishikilia kuwa ni vya kuokoa muungano wa nchi yao tu vilivyoanza kugeuka kuwa vita vya kukomesha utumwa. Vita hivyo vya 1861 hadi 1865 vinapotajwa, jina la kwanza kuja akilini ni la Rais Abraham Lincoln. Mchango wake ulikuwa mkubwa bila shaka. Lakini kalamu yake ilifuata njia ambayo ilikuwa imeanza kukanyagwa na miguu ya watumwa wenyewe.

Chanzo cha vita

Kufikia 1860, Marekani ilikuwa na wakazi wapatao milioni 31. Karibu milioni 4 kati yao walikuwa watumwa weusi. Wengi wao walifanya kazi katika mashamba ya Kusini, hasa ya pamba, zao lililoleta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza ng'ambo.

Hata pwani ya Afrika Mashariki ilivaa jasho la watumwa hao. Tangu miaka ya 1830, wafanyabiashara kutoka mji wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba kilichokuja kuitwa merikani. Kitambaa hicho kilibebwa na misafara hadi bara, ambako kilitumika pia kama fedha. Kilifumwa katika viwanda vya Kaskazini, lakini pamba yake ilitoka Kusini. Vita vilipozuka na manowari za serikali kuziba bandari za Kusini, merikani iliadimika Zanzibar.

Uhasama kati ya Kaskazini na Kusini ulikuwa umetokota kwa miaka mingi. Swali kuu lilikuwa iwapo utumwa ungeruhusiwa kuenea katika maeneo mapya ya magharibi.

Mnamo 1852, mwandishi Harriet Beecher Stowe alichapisha riwaya ya Uncle Tom's Cabin, ambayo iliwafanya maelfu ya wasomaji wa Kaskazini wauone utumwa kwa jicho la mtumwa. Nakala zipatazo 300,000 ziliuzwa Marekani katika mwaka wa kwanza.

Miaka mitano baadaye, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Roger Taney ilitoa uamuzi katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa sababu aliwahi kuishi katika maeneo yasiyo na utumwa. Mahakama iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuwa raia wa Marekani.

Mnamo Oktoba 1859, mzungu mmoja kwa jina John Brown aliongoza kikundi kidogo kuvamia ghala la silaha za serikali huko Harpers Ferry, Virginia, akinuia kuwapa watumwa bunduki. Alishindwa, akanyongwa Desemba 2 mwaka huo. Kwa watu wa Kusini, jina lake likawa tisho. Kwa wengi wa Kaskazini, akawa shahidi.

Abraham Lincoln

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809, katika kibanda cha magogo jimboni Kentucky. Alisoma shule kwa muda usiozidi mwaka mmoja kwa jumla, akajifunza sheria mwenyewe na kuwa wakili mjini Springfield, Illinois.

Alichaguliwa Rais mnamo Novemba 1860 kwa takriban asilimia 40 ya kura, katika kinyang'anyiro cha wagombeaji wanne. Hakushinda hata jimbo moja lililoruhusu utumwa. Ingawa aliahidi kutogusa utumwa mahali ulipokuwa tayari, alisema haupaswi kuenea zaidi. Kwa Kusini, hilo lilitosha. South Carolina ilijitenga Desemba 20, 1860, na kufikia katikati ya 1861 majimbo 11 yalikuwa yamejiondoa. Mizinga ya kwanza ililia Aprili 12, 1861, waasi waliposhambulia ngome ya Sumter katika bandari ya Charleston.

Mwanzoni, Lincoln alitembea kwa tahadhari. Majimbo manne yenye watumwa, yaani Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, hayakuwa yamejitenga, na aliogopa kuyapoteza. Mnamo Agosti 1862 aliwaita viongozi weusi katika Ikulu na kuwashauri watafute makao nje ya Marekani. Mwezi huo huo alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba nia yake kuu ilikuwa kuokoa muungano, si kuokoa wala kuangamiza utumwa.

Hata hivyo, wakati huo tayari alikuwa ameandika rasimu ya tangazo la ukombozi. Alichosubiri ni ushindi vitani. Aliupata Septemba 17, 1862, katika mapigano ya Antietam, ambako takriban watu 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja.

Tangazo hilo lilianza kutekelezwa Januari 1, 1863. Liliwaweka huru watumwa katika maeneo ya waasi pekee. Waliokuwa katika majimbo manne yaliyosalia upande wa serikali hawakuguswa. Wakosoaji walisema Rais aliwakomboa watumwa pale ambapo hakuwa na mamlaka na kuwaacha pale alipokuwa nayo. Lakini tangazo hilo lilifanya mambo mawili makubwa: kila hatua ambayo jeshi la Kaskazini lilipiga kusini ikawa hatua ya uhuru, na wanaume weusi wakafunguliwa milango ya jeshi.

Lincoln alichaguliwa tena mnamo Novemba 1864. Alitumia ushawishi wake wote kuhakikisha kwamba Bunge la Wawakilishi linapitisha marekebisho ya 13 ya Katiba ya kupiga marufuku utumwa kote nchini. Yalipita Januari 31, 1865, kwa kura 119 dhidi ya 56.

Aprili 11 mwaka huo, katika hotuba yake ya mwisho, aliunga mkono baadhi ya weusi kupewa haki ya kupiga kura. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mwigizaji John Wilkes Booth, mfuasi sugu wa Kusini. Siku tatu baadaye, Booth alimpiga Rais risasi katika ukumbi wa michezo wa Ford mjini Washington. Lincoln alifariki asubuhi ya Aprili 15.

Jefferson Davis na Alexander Stephens

Rais wa Shirikisho la majimbo yaliyojitenga alikuwa Jefferson Davis, ambaye pia alizaliwa Kentucky, mnamo 1808. Alisomea chuo cha kijeshi cha West Point, akawa Waziri wa Vita kati ya 1853 na 1857, kisha seneta wa Mississippi. Katika shamba lake la pamba alimiliki zaidi ya watumwa 100.

Davis alikuwa mchapakazi, lakini aligombana mara kwa mara na majenerali wake na magavana wa majimbo. Serikali iliyoundwa kwa msingi kwamba kila jimbo lijiamulie mambo yake iliona taabu kuyashurutisha majimbo hayo yatoe askari, chakula na kodi.

Baada ya vita, Davis aliandika kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo na wala si utumwa. Lakini makamu wake, Alexander Stephens, alikuwa ameshatoboa ukweli mapema. Katika hotuba aliyotoa mjini Savannah mnamo Machi 21, 1861, Stephens alisema serikali yao mpya ilijengwa juu ya imani kwamba mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndio hali yake ya kawaida.

Robert E. Lee

Jenerali aliyeogopwa zaidi wa Kusini alizaliwa Virginia mnamo Januari 1807. Lee ndiye aliyeongoza wanajeshi waliomkamata John Brown. Vita vilipokaribia, aliombwa aongoze jeshi la serikali, akakataa. Alijiuzulu Aprili 20, 1861, akisema hangeweza kuinua upanga dhidi ya jimbo lake.

Kwa ujanja wake, jeshi dogo la Kusini lilishinda mapigano kadhaa dhidi ya majeshi makubwa zaidi. Lakini mara mbili alipovuka na kuingia Kaskazini, alirudishwa nyuma. Katika mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, mnamo Julai 1 hadi 3, 1863, pande zote mbili zilipata hasara ya watu wapatao 51,000 waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea.

Kwa miaka mingi, Lee alisifiwa kama mtu muungwana aliyechukia utumwa. Rekodi zinaonyesha picha tofauti. Baba mkwe wake alipofariki, aliacha wosia kwamba watumwa wake waachiliwe katika muda wa miaka mitano. Lee, aliyesimamia wosia huo, aliwafanyisha kazi karibu hadi siku ya mwisho. Mmoja wao, Wesley Norris, alieleza baadaye kwamba walipotoroka na kukamatwa mnamo 1859, Lee aliamuru wachapwe viboko.

Ulysses Grant na William Sherman

Ulysses Grant alizaliwa Ohio mnamo Aprili 27, 1822. Aliacha jeshi mnamo 1854, akajaribu ukulima na biashara bila kufanikiwa. Vita vilipozuka, alikuwa akifanya kazi katika duka la ngozi la babake huko Galena, Illinois. Miaka mitatu baadaye alikuwa kamanda wa majeshi yote ya Kaskazini.

Ushindi wake wa Julai 4, 1863, huko Vicksburg ulifungua mto Mississippi na kuigawa Kusini vipande viwili. Mnamo 1864 alimwandama Lee bila kumpa nafasi ya kupumua. Maelfu ya askari wake waliuawa, lakini yeye aliweza kupata wengine huku Lee akishindwa.

Mnamo Oktoba 1864, Lee alipendekeza wabadilishane mateka. Grant aliuliza iwapo askari weusi wangerudishwa sawa na weupe. Lee alipojibu kwamba waliowahi kuwa watumwa wa raia wa Kusini hawangehusishwa, Grant alikataa mpango huo.

Mwenzake, Jenerali William Sherman, aliteka Atlanta mnamo Septemba 1864, kisha akapita katikati ya Georgia hadi baharini akiharibu reli, viwanda na mashamba. Maelfu ya watumwa waliacha kazi na kumfuata. Januari 16, 1865, alitoa amri kwamba familia za weusi zigawiwe ardhi ya pwani, kila moja isizidi ekari 40.

Lee alisalimu amri kwa Grant mnamo Aprili 9, 1865, katika kijiji cha Appomattox Court House, Virginia. Grant aliwaruhusu askari walioshindwa warudi makwao na farasi wao ili wawahi msimu wa kupanda. Baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo kati ya 1869 na 1877.

Frederick Douglass

Miongoni mwa weusi wote wa enzi hiyo, hakuna sauti iliyosikika mbali kama ya Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mnamo 1818, akajifunza kusoma kwa siri, na kutoroka mnamo 1838. Kitabu chake kuhusu maisha yake ya utumwa, kilichotoka mnamo 1845, kilimpa umaarufu hadi Uingereza. Mnamo 1847 alianzisha gazeti lake mjini Rochester, New York.

Tangu vita vianze, Douglass alimkosoa Lincoln kwa kusitasita. Alisema kupigana na wenye watumwa bila kupigana na utumwa ni kazi bure, na kwamba mweusi akishavaa sare ya jeshi na kubeba bunduki, hakuna atakayeweza kumnyima uraia.

Ruhusa ilipotolewa, alizunguka akiwahimiza vijana wajiunge na jeshi. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiandikisha katika kikosi cha 54 cha Massachusetts. Lakini serikali ilimlipa askari mweusi dola 10 kwa mwezi na kumkata 3 za mavazi, ilhali mwenzake mweupe alipata 13. Askari wa kikosi cha 54 walikataa kupokea mshahara huo wa dhuluma. Mnamo Agosti 1863, Douglass alikwenda Ikulu kumlalamikia Lincoln ana kwa ana. Congress ilisawazisha mishahara hiyo mnamo Juni 1864.

Kufikia mwisho wa vita, weusi wapatao 180,000 walikuwa wamehudumu katika jeshi la nchi kavu, karibu askari mmoja kati ya kila 10 wa Kaskazini. Takriban 40,000 walifariki, wengi kutokana na maradhi.

Harriet Tubman

Harriet Tubman pia alizaliwa mtumwa Maryland, mnamo 1822 hivi. Akiwa msichana, alipigwa kichwani na kitu kizito cha chuma kilichorushwa na msimamizi aliyemlenga mtumwa mwingine. Jeraha hilo lilimsumbua maisha yake yote.

Alitoroka mnamo 1849, lakini hakutosheka na uhuru wake peke yake. Alirudi Maryland takriban mara 13 na kuwaongoza watu wapatao 70 hadi kwenye uhuru, wakisafiri usiku na kujificha mchana. Hakumpoteza hata mmoja.

Wakati wa vita alihudumu South Carolina kama mpishi, muuguzi na jasusi. Juni 2, 1863, alisaidia kuongoza manowari za serikali katika mto Combahee, akitumia habari alizokusanya kutoka kwa watumwa kuhusu mahali ambapo waasi walitega mabomu majini. Zaidi ya watumwa 700 waliokolewa siku hiyo. Licha ya hayo, alihangaika kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya Congress kumkubalia pensheni ya dola 20 kwa mwezi mnamo 1899. Alifariki mnamo 1913.

Robert Smalls

Katika bandari ya Charleston, mtumwa wa umri wa miaka 23 kwa jina Robert Smalls alikuwa akiendesha usukani wa Planter, meli ya kubebea mizigo ya jeshi la waasi. Kabla ya mapambazuko ya Mei 13, 1862, nahodha na maafisa wake weupe wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls na wenzake waling'oa nanga.

Walipitia gatini kuchukua mkewe, watoto na jamaa wengine. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama kama yeye, na kupiga honi ipasavyo kila walipopita ngome ya waasi, ikiwemo Sumter. Mizinga ya Sumter ilipopitwa, waliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka nyeupe, kisha wakaikabidhi meli hiyo kwa manowari za serikali. Watu 16 walikuwa wamepata uhuru.

Baadaye Smalls alikuwa nahodha wa meli hiyo hiyo. Baada ya vita alinunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake mjini Beaufort na kuchaguliwa mbunge katika Congress.

Baada ya bunduki kunyamaza

Kwa muda mrefu idadi ya waliofariki ilikadiriwa kuwa 620,000, ingawa baadhi ya watafiti wa karne hii wanasema huenda ilifika 750,000. Habari za uhuru ziliwafikia rasmi watumwa wa Galveston, Texas, mnamo Juni 19, 1865, siku ambayo ilifanywa sikukuu ya kitaifa mnamo 2021.

Marekebisho ya 13 yaliidhinishwa Desemba 6, 1865. Hata hivyo, yaliacha mwanya: kazi ya lazima iliruhusiwa kama adhabu ya uhalifu. Majimbo ya Kusini yaliharakisha kutunga sheria za kuwakamata weusi kwa makosa kama uzururaji na kuwakodisha kwa wenye mashamba. Rais Andrew Johnson, aliyemrithi Lincoln, alibatilisha amri ya Sherman na kuwarudishia mabwana wa zamani ardhi yao.

Wabunge walijitahidi kupitisha marekebisho mengine mawili: la 14 la mwaka wa 1868 kuhusu uraia, na la 15 la 1870 kuhusu haki ya kupiga kura. Mwaka huo wa 1870, Hiram Revels aliapishwa kuwa seneta wa kwanza mweusi, akiwakilisha Mississippi, jimbo lile lile la Davis. Lakini majeshi ya serikali yalipokoma kulinda serikali za majimbo ya Kusini mnamo 1877, weusi wa huko walinyang'anywa kura kwa hila na vitisho, na wengi hawakuirejesha hadi sheria ya 1965.

Davis mwenyewe alikamatwa Georgia mnamo Mei 10, 1865. Alifungwa miaka miwili katika ngome ya Monroe, ile ile ambayo Baker, Mallory na Townsend waliikimbilia usiku wa 1861. Ngome hiyo imesimama mahali ambapo Waafrika wa kwanza walioletwa Virginia kwa nguvu waliteremshwa mnamo 1619.

Mnamo Novemba 1, 2011, Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, aliitangaza ngome hiyo kuwa kumbukumbu ya taifa. Wenyeji walikuwa wameipa jina lao zamani, tangu siku za vita. Waliiita Ngome ya Uhuru.